Saksafoni Moja Kati ya Tarumbeta

Mgeni rasmi uliye Ofisa Elimu wetu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mlioacha kazi zenu mchana huu, na wanafunzi wenzetu mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimechukuliwa na bendi: tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU

Mgeni rasmi, tumefurahi kwamba umekuja mwenyewe. Barua ilisema huenda ungemtuma msaidizi, na sisi tulikuwa tumejiandaa kumpokea msaidizi vizuri tu, lakini jambo tulilonalo ni la kusikia kwa masikio, na masikio hayatumwi.

Chumba hiki ulimokaa kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Tuliyatoa wenyewe, tukapiga deki mara mbili, na mara ya pili ilikuwa jana kwa ajili yako. Mwalimu Mkuu alitushauri risala iwe fupi. Tulipoisoma mara ya kwanza ilichukua nusu saa, tukakaa tukapunguza. Tulipunguza maneno ya kujisifu, habari yenyewe tukaiacha ilivyo.

TULIVYOANZA

Bendi ya wanaoanza ilianzishwa mwanzoni mwa muhula huu kwa wanafunzi wa darasa la nne. Vyombo tulivipata kwa wazee wa bendi ya zimamoto waliokwisha kustaafu. Vilikuja na mkokoteni: tarumbeta nane, klarineti saba, ngoma tano na saksafoni moja. Tarumbeta ziliisha kwanza, kwa kupigana vikumbo. Klarineti zikafuata. Ngoma zilichukuliwa na wale ambao hata bila ngoma walikuwa wakipiga madawati.

Saksafoni ilibaki peke yake ukutani. Kasha lake lilikuwa limevunjika kitasa, nayo ilikuwa nzito, na hakuna aliyetaka chombo ambacho hana mwenzake wa kumwuliza habari zake. Akaichukua msichana mmoja aliyekuwa amesimama mwisho wa mstari. Hakulalamika. Siku ya pili alikuja nalo kasha limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, kwa mafundo mawili safi, maana mama yake ni dobi na kamba ndicho kitu ambacho kwao hakikosekani. Huyo ndiye tunayemwita Vidole. Jina hilo tulimpa sisi, na sababu yake tutaieleza, ingawa haitupendezi.

Mwalimu wetu ni mwalimu wa hesabu. Tarumbeta alijifunza mwenyewe ukubwani, kwa kitabu. Alitufundisha kwa zamu, tarumbeta siku yao na klarineti siku yao, na Vidole akawekwa na klarineti kwa sababu vyombo vyao vyote vina kile kijiti chembamba cha mdomoni. Noti aliziandika ubaoni, do, re, mi, wote tukazinakili. Wiki za mwanzo kila mmoja alikoroma kwa namna yake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua nani kakosea na nani hajakosea.

JARIBIO LA SIKIO

Mgeni rasmi, mwongozo wa ofisi yako ulisema kila anayejiunga apimwe sikio wiki ya sita, mara moja tu, na majina ya waliofaulu yapelekwe kuandikishwa. Mwalimu alipiga do kwa tarumbeta yake, kila mmoja akamjibu kwa do ya chombo chake. Wa ngoma walimrudishia mapigo. Tulipita mmoja mmoja, tukatoka nje tukirukaruka.

Vidole aliingia wa mwisho. Alibonyeza do kama kitabu chake kilivyoonyesha, akapuliza, sauti ikatoka nzuri na imara, lakini si ile. Mwalimu akairudia do. Akapuliza tena, vilevile. Mara ya tano Mwalimu akashusha tarumbeta, akamwambia kwa upole kwamba si kila mtu amepewa sikio, akaandika mbele ya jina lake, "kwa muda, hadi mwisho wa muhula."

Kumtoa hakumtoa. Alimwambia aendelee kukaa nasi, ila tukipiga wote pamoja yeye abonyeze tu bila kupuliza, asituchanganye. Ndipo akapata jina. Kwa wiki nne alikaa kati yetu, saksafoni mapajani, vidole vikienda na wimbo mdomo ukiwa umefungwa. Tulicheka. Mmoja wetu wa tarumbeta, anayejiita Jemadari, alikuwa akimwuliza kila siku kama leo amepiga vizuri au amekosea kimyakimya.

Mgeni rasmi, Jemadari ndiye anayekusomea risala hii. Aliomba aisome yeye, tukakubali kwa sharti kwamba sehemu hii asiiruke.

YALIYOTOKEA KWA DOBI

Haya tunayasema kwa sababu tulimwuliza Vidole baadaye, naye alitujibu moja baada ya jingine, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu.

Mama yake anafulia na kupigia pasi katika chumba kimoja chenye ua nyuma, na mashuka ya watu hujaa kambani toka ukuta hadi ukuta. Vidole alifanyia mazoezi katikati ya mashuka hayo, kwa kuwa yanameza sauti na majirani hawasumbuki. Hakuwa na hasira na Mwalimu. Alichokuwa nacho ni swali moja lililokataa kumtoka: kama yeye hana sikio, mbona anasikia wazi kabisa kwamba amekosea? Asiye na sikio angejuaje?

Upande wa pili wa ukuta wa ua ule ni kwa kina Jemadari. Kila alasiri Jemadari hukaa kwenye ngazi za nyuma akifanya kazi aliyopewa, kuishika do kwa hesabu ya kumi na sita, apumzike, aishike tena. Siku moja Vidole akaamua kuitumia do hiyo bila kumwomba mwenyewe. Alianzia chini. Alipiga do yake, zikagombana. Akapanda re, zikagombana zaidi. Mi, fa, bado. Alipofika so, sauti mbili zikaacha kuvutana, zikawa moja, hata hakujua ipi yake na ipi ya jirani.

Mama yake, ambaye hajawahi kushika noti hata moja, alisimamisha pasi wima.

"Hapo hapo, mama," akamwambia binti yake. "Usiondoe kidole."

Vidole alibaki hapo mpaka Jemadari alipoishiwa pumzi.

Kuanzia siku hiyo alichukua daftari la hesabu, akachora safu mbili. Upande mmoja noti ya ubaoni, upande wa pili noti ya saksafoni inayokaa nayo sawasawa. Alisubiri Jemadari aingie kwenye wimbo, akakamata noti moja kwa siku. Penye re ya ubaoni yeye aliandika la. Penye fa akaandika do. Noti moja tu ilimsumbua, ile ti, kwani fa yake ilikuwa ikibaki chini kidogo, kama mlango usiofunga vizuri. Ilimchukua alasiri tatu kugundua kwamba kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiinuke na cha kati kishuke mahali pake. Mama alikuwa akipokea nguo za wateja huku akiwaomba wasubiri, mtoto anatafuta kitu.

Daftari lilipojaa alilipeleka shuleni. Alingoja tupange viti, akamwendea Mwalimu mezani.

"Mwalimu, naomba nipulize noti nyingine, si ile ya ubaoni."

Mwalimu akamwuliza noti gani, akajibu so. Jemadari akasema kwa sauti kwamba sasa hata ubao hausomi, nasi tukacheka kama ada. Mwalimu hakucheka. Alichukua tarumbeta, akapiga do. Vidole akapiga so yake.

Zikawa sauti moja, mgeni rasmi. Hata wa ngoma waliacha kugonga, jambo ambalo wazazi wao hapa wanajua uzito wake. Mwalimu akasema, "Tena." Kisha re kwa la, kisha mi kwa ti, mpaka wimbo ukaisha. Akalifungua lile daftari, akasimama nalo ubaoni akitupa mgongo, akahesabu kwa chaki kutoka noti hadi noti. Alipogeuka alikuwa na chaki hadi kwenye nyusi.

"Watoto," akasema, "aliyekosea ni mimi. Saksafoni hii imekatwa kwa kipimo chake. Do yake si do yetu. Huyu alikuwa akinijibu sawasawa siku ile, na mimi nilikuwa nikimwuliza swali la tarumbeta."

Kesho yake alikwenda kwa mzee mmoja wa ile bendi ya zimamoto kuhakikisha. Mzee akamwambia ndivyo ilivyo, tarumbeta na klarineti zetu hupatana kwa sababu zina kipimo kimoja, saksafoni ile ina chake. Hakutuambia mapema, alisema, kwa kuwa alidhani mwalimu wa bendi analijua hilo kama anavyojua jina lake.

Mgeni rasmi, Mwalimu wetu hatumsemi vibaya. Kila alichotufundisha kilikuwa kweli kwa tarumbeta. Wala ofisi yako hatuilaumu, ililetewa karatasi na mtu mwaminifu, ikaiamini. Wa kulaumiwa kidogo ni sisi tuliokaa wiki nne tukimcheka mtu aliyekuwa sahihi.

TUNAYOJIVUNIA

Tunajivunia kwamba wanafunzi wa bendi hatujachelewa shuleni tangu wiki ya tatu, hata wale wawili ambao walikuwa na desturi hiyo. Tunasoma noti bila kuandikiwa majina chini yake. Nyimbo tunazo nne, na ya tano nusu. Mwalimu Mkuu, ambaye mwanzoni alituomba tusogee mbali na ofisi yake, siku hizi hufungua dirisha tunapoanza. Anasema ni joto.

Zaidi ya hayo, tunajivunia daftari la Vidole. Mwalimu amelibandikia karatasi ngumu nje, na ndilo kitabu cha saksafoni cha shule hii. Mwakani mtoto wa darasa la nne akiogopa chombo kisicho na mwenzake, atalikuta. Vidole mwenyewe tumemwomba radhi, kila mmoja kwa zamu yake. Alitusikiliza wote, kisha akatuambia tarumbeta ya pili kutoka dirishani huchelewa kuingia. Tukaichunguza, ni kweli.

Mama yake yupo nyuma pale, mwenye kitenge cha buluu. Ukiona sare zetu zimenyooka namna hii leo, ni kazi ya mkono wake, na alikataa kulipwa. Alisema yeye ndiye aliyesikia kwanza, kwa hiyo naye ni mwanabendi.

CHANGAMOTO

Vile vijiti vya mdomoni huvunjika, na klarineti mbili zinapokezana kimoja. Mlango wa chumba haufungi, kwa hiyo darasa la pili husoma kwa kufuata mapigo yetu, na mwalimu wao amechoka.

Lakini changamoto kubwa ni karatasi. Mwalimu aliandika barua mbili ofisini kwako kueleza kosa lake. Akajibiwa kwa adabu kwamba jaribio hufanywa mara moja tu, na orodha ikishaandikishwa haifunguliwi ila na Ofisa Elimu mwenyewe. Mwalimu Mkuu naye alisema angetamani, ila hana mamlaka. Leo ndiyo siku ya mwisho ya muhula. Maneno "kwa muda" yanaisha leo, na kuanzia kesho saksafoni inatakiwa irudi ukutani na mwenye nayo arudi kwenye madawati.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi saba. Tulikubaliana kuyafuta matano ili mawili yaonekane.

La kwanza, mwongozo wa kujiunga ubadilishwe, mtoto anayeanza asipimwe kwa chombo cha mwingine, na akikosea, kwanza aulizwe anasikia nini.

La pili ni jina. Orodha iko mbele yako chini ya glasi ya maji, na kalamu ina wino, tumeijaribu. Vijiti tunaweza kupokezana, mlango tunaweza kuusukumia kiti. Hili moja hatuwezi kujifanyia.

Hatukuombi umhurumie. Angekuwa hawezi, tungekuomba hivyo, na tungeona aibu kidogo. Tunakuomba uandike kilichopo.

KUMALIZIA

Tukiketi baada ya risala hii tutakupigia wimbo wetu wa kwanza. Vidole atakuwa safu ya katikati, kati ya tarumbeta ya nne na ya tano, naye leo atapuliza. Tunakuomba, kwa heshima zote, usikilize kwa makini, ujaribu kumsikia yeye peke yake, uone kama sauti yake inajitenga na zetu mahali popote.

Tunaomba ushindwe.

Mwenyezi Mungu akulinde safarini, akupe afya na subira ya kutusikiliza hadi mwisho wa wimbo, awabariki mama zetu na walimu wetu, na awape pumzi wote wanaoanza.

Ni sisi wako watiifu,
wanafunzi ishirini na mmoja wa Bendi ya Wanaoanza, Darasa la Nne.