Eksirei ya Kichwa cha Mzee Sagini

Mgeni rasmi, Daktari Chepchirchir, mtaalamu wa kutambua mabaki ya watu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wanafunzi wenzetu:

KARIBU
Kwa heshima na taadhima, Klabu ya Sayansi inakukaribisha katika shule yetu ya Mogogosiek kwa niaba ya wanachama wake sitini na wanane. Waliohudhuria mkutano wa mwisho walikuwa tisa, na wawili kati yao walikuwa wanakwepa kufagia bweni.

HISTORIA
Mama Bilhah, mpishi wa shule anayetupikia githeri ya mahindi na maharagwe, ndiye aliyetupa kazi ya maana. Mumewe, mzee Sagini, mchuma majani chai, alitoka nyumbani miaka saba iliyopita na hakurudi. Mwezi wa pili mwaka huu, vibarua waliokuwa wakichimba mtaro kando ya shamba walipata mifupa ya mtu. Sagini hakuacha mtoto wala ndugu wa damu ambaye vinasaba vyake vingelinganishwa na vya mifupa hiyo. Lakini aliwahi kuanguka kutoka kwenye trekta la majani, akapigwa eksirei ya kichwa, na kama kawaida ya hospitali zetu, akapewa filamu aende nayo nyumbani. Mama aliitunza chini ya godoro.

MAFANIKIO
Mama alituletea filamu hiyo tumsomee. Tulijifunza kwamba juu ya nyusi, ndani ya mfupa wa paji, kuna matundu ya hewa, na umbo lake hutofautiana kwa kila mtu, hata kwa mapacha. Ukiweka eksirei ya zamani kando ya ile ya fuvu lililopatikana, unaweza kujua ni nani. Tulipomweleza, Mama aliuliza swali moja tu: "Sasa nitampeleka kwao Nyamira?" Tuliapa kwamba atampeleka.

CHANGAMOTO
Filamu ilipotea. Wiki iliyofuata ilionekana kwenye dirisha la ofisi ya walimu, jua likiipenya vizuri, na chini yake maandishi: "Naibu Mwalimu Mkuu akiwaza." Ikatoweka tena. Klabu ililaani kitendo hicho. Daktari, ulipoagiza filamu uilinganishe na fuvu, tulimwambia Mama haipo. Akatuomba msamaha kwa kutusumbua.

MAOMBI
Tunaomba hadubini moja inayofanya kazi.

Ombi la pili lilikuwa umsaidie Mama bila filamu. Nimelifuta. Leo asubuhi Mwalimu Kiplangat, mlezi wa klabu, alifungua sanduku langu, akatoa shati, akatoa filamu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kiptum, risala unasoma wewe. Malizia."

Basi namalizia. Niliichukua mimi, nikaibandika dirishani, kisha nikaificha kwa kuogopa kufukuzwa shule. Wenzangu hawakujua. Mama Bilhah, kwenye risala hii nilikuwa nimeandika kwamba sikujua ninamchezea mzee wako. Nilijua. Nisamehe.

Daktari, filamu ndiyo hii. Ina gundi kwenye kona moja, lakini paji halijaguswa. Tunakuomba uanze nayo leo, adhabu yangu itasubiri.

Mungu aongoze macho yako, na amfikishe mzee Sagini kwao.

Ni sisi, Klabu ya Sayansi.
Kosa ni langu peke yangu: Kiptum, Katibu.