Bi Sahla Mbaruk na Seva Aliyoizima kwa Mkono Wake

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, Bi Sahla Mbaruk, mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta, atastaafu Ijumaa tarehe 29 Mei. Wafanyakazi wote wa Hospitali ya Ukingoni, Shella, pamoja na wenzetu wa zahanati ya Kikambala, wanakaribishwa ukumbini baada ya swala ya Ijumaa. Biriani ipo. Hotuba zitakuwa fupi, kwa ombi lake mwenyewe.

Bi Sahla alizaliwa Mambrui katika ukoo wa wauza nguo, na kwao walitaraji kwamba angekaa dukani. Akaingia hospitalini akiwa karani wa masjala, zama ambazo habari za wagonjwa zilikaa kwenye majalada ya kadibodi. Kompyuta zilipoletwa na wengine wakazikimbia, yeye alijitolea kujifunza. Alisoma Mombasa huku akifanya kazi, akarudi na diploma, kisha shahada, na hatimaye akakabidhiwa kitengo kizima.

Ni mtu mwoga, na hajapata kuficha. Kila akipita karibu na seva huigusa waya ya umeme kuhakikisha imeshika. Mvua moja dari ilipovuja, tulimkuta amesimama kando ya seva ameifunika mwavuli, yeye mwenyewe karowa mpaka miguuni. Aliwahi kumzuia mlangoni mwenyekiti wa bodi kwa sababu alishika kikombe cha chai na hamri. Mwenyekiti alinywa chai yake nje, amesimama, na tangu hapo akawa anabisha hodi.

Woga huo una chanzo chake. Miaka ya mwanzo ya kompyuta, waliokuja kutufungia mitambo walifanya haraka wakaondoka. Siku moja umeme ukakatika. Uliporudi, seva iliwaka lakini kumbukumbu za wagonjwa hazikufunguka, na hapakuwa na mtu aliyejua kitu gani kiwashwe kwanza. Bi Sahla akatumwa apite kitanda kwa kitanda akiwauliza wagonjwa wametumia dawa gani. Mzee mmoja wa Junju alimwambia hajadungwa sindano yake ya kisukari. Akaandika hivyo. Mzee akadungwa, kumbe ilikuwa mara ya pili. Sukari ikashuka mpaka akapoteza fahamu. Waliwahi kumwokoa, lakini Bi Sahla alikuwa pale pale akimtazama mzee akitetemeka na macho yamegeuka. Anasema tangu siku ile kila akisikia jenereta ikinguruma huacha alilo nalo akaenda kuitazama seva.

Tulio karibu naye hatuwezi kumuaga bila kusimulia siku ya seva mpya, masika ya mwaka juzi. Kwa wenzetu wasio wa fani hii: hifadhidata ni ghala la habari zote za wagonjwa, na seva ni kompyuta inayolibeba. Kabla ya kuweka ghala, kuna programu ya msingi inayotangulia. Hiyo ndiyo inayozisimamia diski, na ndiyo inayoilinda hifadhidata, ili ikianguka iinuliwe bila kungoja mtu. Seva yetu ni moja tu, haina mwenzake wa kuipokea mzigo. Hifadhidata inaweza kuwekwa bila programu hiyo ya msingi na ikafanya kazi vizuri kabisa, mpaka siku umeme utakapokatika.

Seva ya zamani ilikuwa imeanza kujizima yenyewe. Diski zake zilikwaruza, na kila ikizimika tulikaa tukiomba Mungu ifunguke tena. Mpya ilipofika kutoka Mombasa, Daktari Cherop, mganga mkuu wetu, alitaka hifadhidata ihamishwe asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa na sababu. Wodi zilikuwa zimejaa, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wagonjwa kila seva ilipozimika. Bi Sahla akamwomba subira aweke programu ya msingi kwanza. Walibishana kwa adabu, lakini walibishana. Mwisho daktari akasema kazi hiyo ni ya Bi Sahla na uamuzi ni wake, akaondoka.

Jaribio la kwanza likakwama. Programu ya msingi haikuzitambua diski, ikabidi kufuta kila kitu na kuanza upya. Masha, fundi wetu, ndiye aliyekuwa kwenye kibodi. Bi Sahla alikuwa nyuma yake, mgongo kaipa seva mpya, macho yako kwenye ile ya zamani. Adhuhuri haijafika, ile ya zamani ikakwaruza kwa nguvu, kisha mvumo wake ukakatika. Tulijaribu kuiwasha. Haikuwaka tena.

Muda si muda wodi zote zikaanza kupiga simu.

Hapo ndipo alipoletwa Nana, mama kijana kutoka Mambrui aliyejifungulia nyumbani na damu ikakataa kusimama. Mama yake alieleza kwamba binti aliwahi kuongezwa damu hapa hapa, mwili ukaikataa, nusura afe. Ni damu ya namna gani iliyokataliwa, hakujua. Habari zote zilikuwa kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hazikufunguka. Maabara ilibidi ipime chupa moja baada ya nyingine bila kujua inatafuta nini, na chupa zilikuwa chache.

Daktari Cherop alikuja mwenyewe, damu ikiwa kwenye mikono ya joho lake.

“Bi Sahla, iweke hifadhidata hivyo hivyo ilivyo. Mama anatuponyoka.”

“Hata nikiacha haya mengine, Daktari, haitawahi,” akajibu. “Niache nimtafute kwenye nakala ya akiba.”

Daktari akarudi mbio. Lakini kila aliyekuwemo chumbani alikuwa akifikiri jambo moja. Kama Bi Sahla angekubali asubuhi, hifadhidata ingekuwa imesimama saa ile, na jina la Nana lingepatikana kwa kubonyeza mara moja. Alilijua hilo kuliko sisi sote. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka.

Alifungua kompyuta yake ndogo, akaingia kwenye nakala ya akiba na kuanza kulitafuta jina katika mafungu ya maandishi yasiyo na mpangilio wala nafasi. Akampata Nana. Halafu akampata Nana mwingine. Wote wa Mambrui, wote wa umri unaokaribiana, wote waliwahi kuongezwa damu. Damu zao hazikufanana, na aliyeandikwa kuwa mwili wake ulikataa damu alikuwa mmoja tu. Jina la baba halikuandikwa kwa yeyote kati yao.

Nilimwona akiikazia macho skrini. Kuna mtu angemchagua yule mwenye maelezo yanayolingana, akapiga simu, akasifiwa. Bi Sahla alipiga simu chumba cha upasuaji, akasema polepole, “Wako wawili, Daktari. Anayeonekana ndiye ni huyu wa kwanza, lakini sina yakini; huenda wa pili hakuandikiwa yote. Sitabahatisha.” Akamsomea habari za wote wawili. Simu ikakatwa, na maabara ikazipima chupa zinazoweza kuwafaa hao wawili badala ya kupima kila chupa.

Baada ya hapo hatukupata habari yoyote. Bi Sahla akarudi nyuma ya kiti cha Masha. Vidole vya Masha vilikuwa vikikosea herufi.

“Soma kwanza, mwanangu, ndipo ubonyeze,” alimwambia. “Kama yule mama anakufa kwa sababu yangu, basi kazi hii isije ikawa mbovu.”

Waliendelea. Diski zikatambuliwa. Programu ya msingi ikakaa sawa. Juu yake wakaweka hifadhidata, wakairudishia kumbukumbu kutoka kwenye nakala, zikafunguka. Masha alishusha pumzi na kunyanyua simu awaambie wauguzi waanze kazi. Bi Sahla akamshika mkono, akamwambia bado.

Alikwenda ukutani, akasema Bismillahi, akaing’oa waya ya umeme.

Daktari Cherop alikuwa ndio kwanza anaingia. Alituona tumesimama mbele ya skrini nyeusi, na waya iko mkononi mwa Bi Sahla.

“Umefanya nini?”

“Nimeizima sasa, Daktari, kabla hajakuwapo mgonjwa anayeitegemea.”

Akairudisha waya. Seva ikavuma. Maandishi yakaanza kupita, kisha yakasita. Mstari mmoja wa diski ulikwama pale, haupandi wala haushuki. Masha alifumba macho. Mimi nilishikilia meza. Hakuna aliyegusa kibodi, kwa kuwa maana yake yote ilikuwa kwamba asiwepo wa kugusa. Tulingoja, na ule woga wa kungoja sijapata kuusahau. Kisha mstari ukasogea. Programu ya msingi ikaamka, ikazishika diski zake zote, ikaiita hifadhidata, na hifadhidata ikasimama yenyewe.

Bi Sahla akakaa chini sakafuni, pale pale kando ya ukuta.

“Nana yu hai,” Daktari Cherop akasema. “Na mtoto wake.” Alikuwa yule Nana wa kwanza.

Ndipo Bi Sahla alipolia. Baadaye alimuuliza daktari kama mama yule angeteseka muda mfupi zaidi endapo hifadhidata ingewekwa asubuhi. Daktari Cherop hakumpa jibu la kumliwaza. Alimwambia kwamba hajui, na kwamba yeye pia atakaa na swali hilo. Ninaandika haya kwa ruhusa ya wote wawili.

Tangu hapo kila mgonjwa husajiliwa kwa jina la baba, jina la mama na picha. Hiyo ni kazi ya Bi Sahla. Zahanati ya Kikambala iliunganishwa nasi chini ya usimamizi wake, na hakuna muuguzi wa wodi ambaye hakupita mikononi mwake. Masika yaliyofuata umeme ulikatika mara nyingi, na mara moja jenereta nayo ikachelewa. Seva ilizimika na kuinuka, na wodi haikupiga simu hata moja. Bi Sahla hata hivyo alikuwa amekwisha kuja, na buibui lake limerowa mvua, akasimama kuitazama mpaka moyo ukatulia.

Wiki iliyopita aliikabidhi ofisi simu ya dharura, ile inayolia seva ikipata tatizo. Sasa inakaa na Masha, ambaye ndiye mkuu mpya wa kitengo. Asubuhi iliyofuata Masha alifika kazini macho mekundu. Simu haikulia hata mara moja, lakini hakupata usingizi, alikuwa akiiangalia tu. Bi Sahla alipoambiwa alicheka mpaka akafuta machozi, akasema basi sasa anaweza kwenda.

Bi Sahla, ahsante kwa kuogopa kwa niaba yetu miaka yote hii. Nenda Mambrui ukapumzike na mumeo Azim na wajukuu. Mola akupe afya, umri mrefu na usingizi mzito. Zamu ya kukesha ni yetu.

Easter Randu
Kitengo cha Kompyuta