Mzee Taratibu Akabidhi Gari la Kazi: Miaka Thelathini na Mbili ya Milango ya Gereji

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi alasiri, fundi wetu mkuu wa milango ya gereji atarudisha ufunguo wa gari la kazi na kustaafu, baada ya kututumikia miaka thelathini na mbili na miezi minne. Sisi na wateja tunamwita Mzee Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza akimkuta mtu anavuta mlango uliokwama kana kwamba anavuta ng'ombe. Mimi mpokea simu nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu ndimi niliyemtuma kwenye jua na mvua kuliko mtu mwingine yeyote hapa.

Alianza kwa kupaka mageti rangi. Fundi mkuu wa wakati ule alimkuta ameinamisha kichwa akisikiliza mlango unavyopanda, akamhamishia upande wa ukarabati siku hiyohiyo. Sikio hilo limetuokolea safari nyingi. Mteja akipiga simu, Mzee huniambia nimuulize: mlango unalia kama paka au unagonga kama mgeni anayebisha hodi? Paka ni magurudumu yaliyokauka. Hodi ni bawaba iliyolegea.

Wengine wakiona mlango mkuukuu huanza kuusifia mpya. Yeye husema mlango mzee hauhitaji mazishi, unahitaji mtu wa kuujulia hali. Mara mbili kwa mwaka hufuta reli, hukaza boliti na kutia mafuta kwenye magurudumu na bawaba. Reli zenyewe yeye hazipaki kitu, na waliozimiminia mafuta ya kupikia wanajua alivyowatazama.

Lakini nisimwandike kama malaika, hatapenda. Mwaka wake wa kumi na moja alihudumia mlango wa mama mmoja mshonaji, mlango wenye umri wa miaka kumi na minane. Aliuona waya wa chuma unaoubeba umeanza kuchanika nyuzi, akaona utafika mwezi ujao. Siku ya nane ulikatika. Mlango ulishuka upandeupande ukaiponda cherehani ya yule mama, ambayo huiweka pale mlangoni apate mwanga. Alikuwa ameinuka muda mfupi tu kwenda kuzima jiko.

Hapa ofisini palikuwa na waliosema tujibu kwamba mlango ulikuwa mzee. Fundi wetu alichukua gari akaenda. Alisimama mbele ya yule mama akamwambia, "Mama, ule waya niliuona. Nilidhani utasubiri. Kosa ni langu, si la mlango."

Mama akamjibu, "Basi ingia uutengeneze. Na safari hii usidhani."

Alibadilisha nyaya zote mbili za mlango na springi inayosaidia kuubeba uzito wake, kisha akaibeba ile cherehani na kuishughulikia siku tatu hadi ikashona tena. Aliporudi aliandika ukutani kwenye karakana neno moja kwa rangi nyekundu: USIDHANI. Akatufundisha jaribio analolifanya kila fundi wetu hadi leo: tenganisha mlango na mota, inua mlango kwa mkono hadi kiunoni, uachie taratibu. Ukitulia, una afya. Ukianza kushuka, springi imechoka, na hakuna kuondoka hapo mpaka ishughulikiwe. Ni miaka ishirini na mmoja sasa, na hakuna mlango tuliouhudumia ulioanguka. Yule mama bado ni mteja wetu. Mlango wake umetimiza miaka thelathini na tisa na unapanda bila kelele.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mlango wa gereji ya nyumbani kwa Mzee ulisimamishwa kwa gongo la mti miaka miwili, kila Jumamosi akiahidi kuutengeneza. Shemeji yetu, mkewe, alichoka. Alipiga simu ofisini akiwa ameigeuza sauti, nami nikamwandikia miadi bila kumtambua. Mzee alipopokea karatasi ya kazi aliisoma anwani mara mbili, akaikunja, akaenda. Alikaribishwa kwa heshima kama fundi yeyote. Kwenye nafasi ya maoni ya mteja shemeji aliandika: "Fundi mzuri, ila amechelewa miaka miwili." Karatasi hiyo tunayo.

Wiki mbili hizi amekuwa akizunguka na fundi dada anayechukua nafasi yake, nyumba kwa nyumba, akimwonyesha kila mlango na tabia zake.

Shemeji, pamoja na watoto, asanteni kwa kutuazima mtu wenu muda wote huu. Tunamrudisha akiwa na vidole vyake vyote kumi, na kwa kazi ya springi, ambazo zikifyatuka hukata vidole, hilo si jambo dogo.

Nawe Mzee wetu, asante. Afya ikuandame, usingizi wa mchana uwe wako, na siku zilizobaki ziwe nyingi na njema. Wateja wamekwisha kuanza kupiga simu kuuliza nani atakuja baada yako. Nikiwajibu, wote wana swali moja tu: "Huyo dada, Mzee mwenyewe ndiye aliyemchagua?" Nawaambia ndiyo. Basi wanataja siku ya miadi.