Daftari la Nne la Verla Hrycak

Marehemu Verla Hrycak, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika shamba la ngano kaskazini mwa mji wa Dauphin, jimbo la Manitoba, akiwa mtoto wa tano wa Petro na Anna Kozub, akasoma hadi darasa la tisa, na mwaka 1976, baba yake alipovunjika nyonga, akaacha shule na kwenda kufanya kazi katika duka la mikate mjini, akiwa bado hajaelewa hesabu za sehemu, jambo lililomtia aibu kwa miaka mingi.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Lloyd Hrycak, wakajaliwa Daria mwaka 1985, Emil mwaka 1988 na Tessa mwaka 1992, na shule ya jirani ilipofungwa mwaka 1996, Emil akawa anatapika njia nzima kwenye basi la kwenda shule ya mbali, mwendo wa saa moja na nusu, Verla aliamua kuwafundisha nyumbani, ingawa alimwuliza mumewe, "Lloyd, nitawafundishaje kitu nisichokijua?", naye Lloyd, akivua viatu vya theluji, akamjibu, "Si ukae nao, ujifunze."

Basi mezani yakawekwa madaftari manne, la nne likiwa na jina lake, akafanya kila zoezi waliloandikiwa watoto, nao wakamsahihishia kwa kalamu nyekundu bila huruma, hata Emil, akiwa na miaka tisa, akamwandikia, "Rudia, Mama, hujasoma swali," naye akarudia.

Hivyo ndivyo alivyozielewa sehemu, akafundishwa fidla na Tessa wa miaka saba, akafungua injini ya trekta na kuifunga tena, na Juni 2006 akaketi chumba kimoja na Emil kufanya mtihani wa hesabu wa darasa la kumi na mbili, Emil akapata tisini na moja kwa mia, yeye hamsini na nane, na kila Emil alipomtania, "Hamsini na nane, mwalimu mkuu!", alijibu, "Na wewe zile tisa ulizipeleka wapi?"

Tarehe 2 Februari 2021 alipatwa na kiharusi kilichoupooza mkono wake wa kulia na kumchanganyia herufi, na Tessa alipomwekea daftari alilisukuma likaanguka, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, familia ikaogopa kwamba mtu ambaye hakuwahi kuona haya kukosea mbele ya watoto wake sasa ameona haya.

Siku ya nne watoto wote watatu, watu wazima wenye kazi zao, waliketi naye mezani, kila mmoja na daftari lake, wakaanza kuandika alfabeti kwa mkono wa kushoto, Daria akiuliza, "Tessa, hii ni herufi au ni kuku?", Verla akainua mkono wake wa kushoto, akaichukua kalamu nyekundu, na kwa dakika kumi na moja akaandika kwenye ukurasa wa Emil neno lake la kwanza tangu augue: Rudia.

Tangu siku hiyo alijaza madaftari tisa kabla moyo wake haujasimama, tarehe 19 Novemba 2024, nyumbani, Lloyd akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotusafishia theluji mlangoni na kutuletea supu, na wenzake wa zamani wa duka la mikate waliooka mikate ya leo.

Daftari la tisa tumelisahihisha asubuhi hii.

Pumzika kwa amani, Mama, hakuna cha kurudia.