Kadi ya Tosha na Jeraha la Nyagai

Mheshimiwa chifu wetu wa Gurei, Mchungaji uliyetufungisha ndoa, Daktari Gaetano mume wangu (niruhusuni nirudie, mume wangu, maana hii ni wiki ya tatu tu na neno hilo bado ni tamu mdomoni), ndugu wageni waalikwa, na nyinyi majirani mliokuja na mbwa na paka wenu, hamjambo?

Nimepewa dakika tano niwakaribishe kwenye kliniki hii mpya ya wanyama. Mume wangu aliniomba niseme maneno ya furaha. Furaha ninayo tele. Nikimwona asubuhi akivaa koti lake jeupe, nasahau hata chai niliyoiweka motoni. Lakini leo nimekuja pia na hasira, na sitaiacha mlangoni.

Mimi na mtu huyu tulikutanishwa na ujinga wangu. Mbwa wangu Tosha, huyu jike aliyelala miguuni kwangu, alipata upele. Nikawasikiliza vijana wa bodaboda, nikampaka oili chafu ya pikipiki mwili mzima. Akaanza kutapika na kutetemeka. Gaetano alimwosha kwa sabuni karibu saa nzima, kisha akanigeukia: "Dada, wewe ukiwashwa unajipaka oili?" Nililia kwa aibu, na nilipomaliza kulia nilikuwa nimeshampenda. Tosha alipopona, akamchanja na kumwandikia kadi ya chanjo.

Basi niulize: ni wangapi hapa bado mnapaka oili? Ni wangapi mnampa paka panado kwa sababu inawafaa nyinyi, wakati kidonge kimoja kinaweza kumuua? Nani amemfunga mbwa kwa waya mpaka shingo ikaota kidonda, halafu anashangaa kwamba mbwa anauma?

Lakini hayo ni madogo. Siku ya harusi yetu, keki ikiwa imeshaletwa, Gaetano alimwona Nyagai, binti wa jirani yetu Akuac, mtoto wa miaka saba, amefungwa kitambaa mkononi. Akauliza kuna nini. Akuac akajibu bila wasiwasi, "Ni mbwa wa Douglas, jana. Mafi mushkila, daktari, hakuna shida. Amechanjwa. Douglas amenionyesha kadi." Jeraha alikuwa amelipaka majani ya chai.

Gaetano akamwita Douglas, mpangaji wa mtaani kwetu, akaomba hiyo kadi, akaisoma mara mbili. Mahali pa jina la mwenye mbwa palikuwa pamesuguliwa kwa mate, lakini chini yake, kwa mwandiko wa Gaetano mwenyewe, paliandikwa: jike, kahawia, sikio la kushoto limekatika. Mbwa wa Douglas alikuwa dume, mweusi, na masikio yake yote mawili mazima.

Mume wangu aliiacha keki. Alivua koti la harusi, akampeleka mtoto kwenye bomba la tangi, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, huku akitazama saa. Na nyinyi mlifanya nini? Mlicheka! Nilisikia kwa masikio yangu: "Daktari wa mbwa, hata leo?" "Bibi harusi, umeolewa na kliniki!" Alipoondoka na Akuac na mtoto kwenda hospitali, mlikuwa mnaulizana pilau itapakuliwa lini.

Siku nne baadaye mbwa yule alikuwa anatokwa na mate, anang'ata mabati ya ua, asimtambue hata Douglas anayemlisha. Siku ya sita akafa. Mnaelewa maana yake? Kichaa cha mbwa kikishaanza ndani ya mtu, hakuna hospitali inayokitibu. Nyagai alimaliza sindano zake juzi. Yule pale, anakula andazi. Mtazameni vizuri, enyi mliocheka.

Tangu siku ile mtaa mzima unauliza kadi ilitoka wapi, na mume wangu hajamjibu mtu. Douglas, usiinamishe kichwa peke yako. Ndugu zangu, angalieni sikio la kushoto la Tosha.

Naam. Ni mimi niliyeitoa.

Douglas alinikuta najaribu gauni la harusi. "Bilha, mimi iko na shida ndogo. Mwenye nyumba nataka kadi ya mbwa, ama nahama. Nipe ya kwako." Nami, mchumba wa daktari wa wanyama, nikajibu huku nazunguka mbele ya kioo, "Chukua tu. Mbwa ni mbwa."

Gaetano aliporudi kutoka hospitali, aliniwekea kadi ile mkononi. Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliniuliza tu, "Na Akuac ungemwambia nini?"

Nimekuwa na wiki tatu za kutafuta jibu. Kuanzia leo hakuna kadi bila picha ya mbwa, na picha nitazibandika mimi mwenyewe kwa gundi isiyobanduka. Atakayekuja kuazima kadi ya mwenzake nitamfukuza mbele ya watu, awe jirani au shemeji. Na ukiumwa na mbwa, sabuni na maji kwa dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi kumi!

Akuac, dada yangu, ulicheza kwenye harusi yangu huku mwanao amebeba kifo mkononi kwa sababu ya neno langu. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa. Huna haja ya kunijibu leo. Kadi ndiyo hii. Ichane, au iweke, ni yako. Tosha atapanga foleni apate nyingine, nyuma ya mbwa wa mwisho.

Mume wangu, dakika tano zimepita zamani, nisamehe na hilo pia. Majirani, nawashukuru kwa kunisikiliza hata pale nilipowachoma. Sasa shikeni kamba za mbwa wenu, tuanze.