Larisuk Nongrum na Moto wa Nyumba ya Mama

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima na mvua hii: nimepewa kazi ya kumzungumzia marehemu dada yangu, mimi Kynsai, kaka yake pekee. Mwenyewe angetaka nifupishe.

Larisuk Nongrum alizaliwa hapa Sohra tarehe 14 Juni 1962, kitinda mimba wa mama yetu, Thrina. Kwa mila yetu binti wa mwisho ndiye mrithi na mtunza wazee, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilijulikana kwamba nyumba ni yake, wazee ni wake, na moto wa jikoni ni wake. Hakuna aliyemuuliza.

Alisoma shule ya misheni hapa hapa, kisha chuo huko Shillong, ambako alichagua fizikia kwa sababu alitaka kuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Mjomba wetu Drosing, ambaye kama kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho kwetu, alicheka hadi tambuu ikamtoka mdomoni. "Mvua ya Sohra nayo isomewe? Toa mkono dirishani, umehitimu!" Larisuk alihitimu kweli mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaitwa kazini mjini Pune, siku kadhaa kwa treni, katika kazi ile ile aliyoisomea. Wakati huo mama alikuwa ameanza kupoteza macho. Mjomba hakucheka tena. Alisema, "Moto wa nyumba haupandi treni, mwanangu." Larisuk akabaki. Iliniuma, na nadhani ilimuuma zaidi.

Alifundisha hisabati katika sekondari yetu tangu 1986 hadi 2020. Hakuwa mtu wa kinyongo, ila hakuacha kutazama juu. Majirani walimpitia kabla ya kuanika popoo zao za tambuu. "Dada Lari, tuanike?" Naye hujibu, "Anikeni, lakini msiende sokoni." Siku moja alikosea, na wiki nzima akawa anapita njia ya nyuma.

Desemba 1988 alifunga ndoa na Shanbor Lyngdoh, seremala, aliyehamia kwetu na sanduku la vifaa vyake na utani mwingi. Mungu aliwajalia wana wawili, Banshan na Pynshngain, na binti mmoja, Daphisha.

Binti mmoja, maana yake mrithi ni huyo huyo. Naye mwaka 2015 akachagua kwenda Kochi kusomea uundaji wa meli. Meli! Mtoto aliyekulia kwenye ukungu juu ya mlima. Alipohitimu alikaa nyumbani bila kazi mwaka mzima, na watu hawakumwacha: "Mhandisi, bwawa letu la samaki linakungoja!" Mama yake alikuwa anastaafu, na mwalimu mkuu akasema yuko tayari kumpa Daphisha nafasi hiyo. Ukoo ulifurahi. Larisuk akaniita, akanipikia wali na nyama ya nguruwe, nikajua kuna jambo.

"Kaka, sasa mjomba ni wewe. Usimwambie yale niliyoambiwa mimi."

"Na moto?"

"Kwani wewe mikono imekatika?"

Nikaongeza wali. Daphisha aliikataa nafasi ile, na baada ya miezi michache akapata kazi kwenye karakana ya meli huko Kochi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 figo za Larisuk zilianza kushindwa. Binti alitaka kuacha kazi, mama akamfokea kwenye simu, "Nikitaka muuguzi nitamwita muuguzi!" Wiki ya mwisho alimwita binti mwenyewe. Alifariki nyumbani tarehe 3 Septemba, kichwa kikiwa mapajani mwa Daphisha.

Ameacha mume, wana wawili, binti mmoja na kaka mmoja. Ameacha pia agizo, nami nalisema mbele ya ukoo asije mtu akadai hakusikia: msiba ukiisha, Daphisha arudi kazini. Nyumba ni yake, na kila atakapokuja ataikuta ina moto. Kwa mila moto si wa mume bali wa ukoo wa mama, nami ni mgane, na mikono yangu haijakatika. Jana nimehamishia godoro langu nyumbani kwake.

Tangulia, dada, ukatafune tambuu barazani kwa Mungu, kama tunavyowaaga wafu wetu. Pumzika kwa amani. Kuni ninazo.