Kola ya Misumari

Ukungu wa London mwaka ule ulikuwa mzito hata mchana taa zikawashwa, na magazeti hayakuwa na habari nyingine: wakabaji! Wanakuja kwa nyuma, koo linabanwa, saa ya mfukoni imekwenda. Basi Obadia Pringle, fundi cherehani, akajinunulia kola ya ngozi yenye misumari iliyotokeza nje, akawa anaivaa hata kwenye benchi la kahawa la Bi Tibbet. Jumapili hiyo mtoto wa mdogo wake alikuwa anabatizwa ng'ambo ya daraja, naye Obadia ndiye baba wa ubatizo. Lakini kuvuka daraja lenyewe, thubutu! Miguu ilikataa.

— Utachelewa, fundi, alisema Bi Tibbet.

— Ngoja ukungu upungue kidogo.

— Upungue wapi? Wakabaji ndio wanaoufukiza! alidakia Profesa, mshona viatu aliyekuwa akisoma gazeti lilelile wiki nzima.

— Acha uongo wewe! alisema Nanga, baharia mstaafu. Wanafundishwa gerezani. Wanakabana wenyewe kwa wenyewe kila asubuhi, wakifuzu wanapewa vyeti.

— Vyeti?

— Vya muhuri wa Malkia! Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi ukiinama tu, umekwisha.

— Mungu wangu! Na kamba ya kiatu ikifunguka? aliuliza Obadia.

— Iache. Tena tembea kinyumenyume, uwaone wakija.

— Na wa mbele je?

Kabla Nanga hajajibu, akatokea Keziah, mdogo wake Obadia, anahema, mwanawe wa miezi saba kifuani.

— Kaka! Kasisi anasubiri, watu wanasubiri, wewe unakunywa kahawa?

— Umevuka peke yako? Hukukabwa?

— Nikabwe na nani? Nimekutana na muuza samaki na mbwa wake. Haya, mpokee, mkono umeniuma.

Obadia akanyoosha mikono. Mtoto, kwa usingizi, akaangusha kichwa kuelekea kola. Keziah akamvuta upesi.

— Sasa kaka, na misumari hiyo, mwanangu alaze kichwa wapi?

Obadia akamtazama Profesa. Profesa akazama gazetini. Nanga akachungulia kikombe kitupu. Obadia aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mdogo wake. Akaifungua kola, akaiacha benchini.

Mtoto alipofika begani akazinduka, akamshika shingo kwa mikono yote miwili, akakaza.

— Jamani, nimekabwa! alisema Obadia, anacheka na machozi yanamtoka.

Wakashika njia ya darajani.